Waya Uliosokotwa Kushoto

Mwanangu Oliva,

Salamu sikuandikii, maana uko chumba cha pili na nasikia kitanda chako kikilia kila unapogeuka. Hulali. Nami silali. Tungeweza kukaa jikoni tukazungumza, lakini unanijua: nikianza kusema nakuwa mwalimu, na wewe unakuwa mwanafunzi anayetazama dirishani. Kwa hiyo nimewasha kibatari, nimechukua karatasi za shule, na kalamu hii nyekundu kwa sababu ile ya bluu umeifungia sandukuni mwako. Usione wino huu ukadhani nakusahihisha.

Habari za kuchemsha maji, za kuangalia mizigo behewani, za kumwamkia kila mkubwa utakayekaa naye, hizo Mjomba wako Kaspari atakuambia kesho stesheni, na atazirudia mpaka treni iondoke. Mimi nina jambo moja tu.

Jioni nilifungua sanduku lako nikuwekee kitenge, nikaona kile chuma cha kulehemu hakimo. Nilikikuta chini ya kitanda, kimeviringishwa kwenye gazeti. Halafu Mjomba akaniambia ulichomwomba: ukifika Mbeya, aongee na rafiki yake wa pale chuoni akutoe kwenye mitambo ya mawasiliano akuingize ushonaji. Sina ugomvi na ushonaji, hata gauni nililovaa limeshonwa na mtu. Lakini wewe hujawahi kushona kifungo kikakaa wiki nzima. Unakimbia, mwanangu, na najua unachokikimbia. Unaamini mkono wako ndio uliomuua Bibi.

Hujalitamka hata mara moja. Tangu tulipomzika hujagusa waya, na watu wakija na redio mbovu unawaambia fundi hayupo, nao wanakutazama kwa mshangao maana fundi ndiye anayesema nao. Mimi nimeelewa kwa kuwa nimekuzaa, na kwa kuwa hata mimi, pamoja na fizikia yangu yote, kuna siku niliwaza hivyohivyo.

Bibi aliniachia neno nikupe. Alisema nisikupe mpaka uwe umefunga mizigo. Sasa umefunga. Lakini nikiliandika hapa peke yake halitaeleweka, kwa hiyo nivumilie nianzie mwanzo, hata pale unapopajua, kwa sababu unapajua kwa upande wako tu.

Unakumbuka Mjomba alivyokuja na lile boksi. Wale wageni wa mradi anaowaendesha walikuwa wamekanyaga redio yao kwa gari lao wenyewe, wakaitupa, naye hajui kuacha kitu kilichotupwa. Alisema si redio ya kawaida. Inashika moja kwa moja kutoka setilaiti, na huko juu bado wanaijaribu, siku nyingine inasema, siku nyingine haisemi. Antena ilikuwa imepondwa na tairi, kasha limepasuka, ubao wa ndani mzima. Nikajitutumua mbele yenu nikasema hiyo kazi ndogo. Tukaupachika ubao kwenye kopo la biskuti, tukang'oa spika kwenye redio ya marehemu baba yako, na antena tukaamua kuitengeneza wenyewe kwa mchoro wa Mjomba: bomba la plastiki la maji, waya wa shaba umelizunguka toka chini hadi juu, na chini kabisa bati la duara. Bati hatukuwa nalo, tukachukua mfuniko wa sufuria kubwa. Waya aliuzungusha Bibi, maana hapakuwa na mkono sawa kama wake. Alilikaza bomba kati ya nyayo zake kama anavyokaza kamba, akauzungusha, na kila mzunguko ukakaa umbali uleule na mwenzake. Tulimsifu sana siku hiyo.

Masika yalipoanza mkahamia shamba kama kila mwaka, wewe na Bibi, kule mbele ya Katindiuka. Mimi nilibaki mjini na shule, nikawa nakuja mwisho wa wiki, baiskeli mpaka maji yanapoanzia, kisha mtumbwi mpaka kwenye ngazi ya dungu letu. Nilipenda kulala juu ya zile nguzo maji ya bonde yakipita chini ya sakafu. Mwaka huu sikupenda.

Ilianza na ule ukimya. Redio ya kawaida ukikosa stesheni inakoroma, unajua angalau ipo. Hii haikukoroma. Ilikuwa na taa nyekundu ya kusema haijapata kitu na ya kijani ya kusema imepata. Tulipoiunganisha ile nyekundu ikawaka, na spika ikanyamaza kabisa. Ilinyamaza kama mtu aliyesimama nje ya mlango wako, anangoja umalize kuongea ndipo abishe hodi. Nilijikuta nasema kwa sauti ya chini, sijui kwa nini.

Basi tukaanza kutafuta kosa, na hapo ndipo nilipokuonyesha tabia yangu mbaya kuliko zote. Nililaumu betri, nikaipakia kwenye kariya nikairudisha mjini kuchajiwa, na haikuwa na tatizo. Nikalaumu maungio yako. Nilikwambia umelehemu kama mtu anayebandika chapati ukutani, nikakufanya ufumue kila kiungo na kukirudia, na nyekundu ikabaki palepale. Ulishuka ngazi ukaenda kusimama majini umenipa mgongo. Maungio yako yalikuwa mazuri toka mwanzo, Oliva. Nilikuwa na hakika ya kila nilichofanya mimi na mashaka na kila ulichofanya wewe, na mtu mwenye hakika hapimi.

Kisha ukaja mwelekeo. Mimi nililielekeza bomba kwenye milima ya Udzungwa, kwa kuwa antena zote za televisheni nilizowahi kuona mjini zimelala hivyo. Wewe ukaja na atlasi yako na kile kipimapembe cha shule, ukasema setilaiti ile imekaa juu ya katikati ya Afrika, kwa hiyo kwetu iko karibu na utosi, imeinama kidogo tu upande wa machweo. Nikakwambia usinifundishe. Wiki iliyofuata nikaligeuza bomba juu kimyakimya ukiwa shambani, nikajifanya nimefikiri mwenyewe. Uliona, na hukusema kitu. Halafu ukagundua nyigu wamejenga udongo pale waya unapoingia kwenye mfuniko, udongo mbichi kabisa, tukaubandua. Taa ikabaki nyekundu.

Unaikumbuka ile saa ya mchana wakati wa maji mengi, jua likiwa utosini? Upepo unakufa, ndege wanaacha kelele, na maji hayaonyeshi yanakwenda wapi. Saa ile kopo letu lilikuwa kama linanyamaza zaidi. Bibi alizoea kusokota kamba zake akiwa amelipa bomba mgongo. Siku moja nikamkuta amegeuza mkeka, amelikabili bomba, anasokota polepole.

"Haijafa hiyo," aliniambia. "Inasikiliza."

Nilicheka. Wewe hukucheka, nami nikaanza kuona kwamba ukipita mbele ya lile bomba unainama.

Na Mzee Masanja, yule mfugaji, alikuja katika siku zilezile. Sijui kama nilikusimulia yote. Alisimama pale ukingo wa nchi kavu na fimbo yake, tukaamkiana, kisha akauliza kama kuna mtu mwingine anakaa nasi mle juu. Nikamwambia hakuna. Akasema, "Mwalimu, ng'ombe zangu zinakataa kupita hapa. Zinafika pale kwenye mti ule, zinasimama, zinatazama juu. Mimi naona bomba. Zenyewe zinaona mtu." Nilimweleza kwamba ng'ombe wanaogopa kitu kinachometameta, na mfuniko wa sufuria unametameta. Akaniitikia kwa adabu. Alipoondoka nikaupaka mfuniko masizi mpaka ukawa mweusi tii. Ng'ombe wakaendelea kukataa, akawa anawazungusha mbali kule juu.

Ndipo Mjomba akaja. Alikuwa amemuuliza fundi mmoja wa wale wageni, na fundi akamuuliza swali moja tu: waya mmeuzungusha kuelekea wapi? Hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria hilo. Mjomba akaeleza kwamba mawimbi kutoka kule juu hayaji yamenyooka. Yanakuja yakijisokota, na haya yanajisokota kushoto. Antena iliyozungushwa kulia haiyashiki kabisa, hata ungeielekeza sawasawa mwaka mzima. Na ya kwetu ilikuwa imezungushwa kulia, kwa sababu aliyeizungusha ni Bibi, na kamba zote alizosokota Bibi kwa ajili ya watu walio hai alizisokota kulia.

Niliona mkono wake ukisimama juu ya paja. Alingoja Mjomba amalize chai yake na kuondoka, ndipo akatuambia habari za kwao. Kwao upande wa Mahenge, katika ukoo wake, kamba inayosokotwa kushoto ina kazi moja, kufungia mkeka wa maiti. Inasokotwa maiti akiwa amelala ndani, na anayeisokota anakaa peke yake.

"Ukiisokota na ndani hamna maiti," alisema, "umeomba apatikane."

Nikamwambia, "Mama, huu ni waya, si kamba."

"Mkono haujui tofauti."

Nikachukua skrubu nikamwonyesha inavyojisokota, nikamfundisha mama mkwe wangu somo la mawimbi, kwa upole ule ninaoutumia kwa watoto wazito. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Nimekuelewa, Mwalimu. Msisokote." Na mimi, badala ya kukubali kama mkwe au kukataa kama mtu mzima, nikaja kukunong'oneza wewe usubiri Bibi aende kigangoni Jumapili. Hapo nilikosea kuliko kwenye bomba na betri. Nilikuachia mtoto ubishi ambao nilipaswa kuumaliza mimi na mama mkwe wangu, tukitazamana.

Jumapili ile uliuzungusha waya mwingine kushoto, kwenye kipande kingine cha bomba. Ukauficha chini ya magunia mpaka nije na betri. Nilipokuja, Bibi akiwa amejipumzisha, tukaupachika, nawe ukaunganisha. Taa ya kijani ikawaka, na spika ya baba yako ikasema.

Sitasahau sauti ile juu ya maji. Safi, karibu, kama mtu amekaa nasi. Kifaransa nilikitambua. Kiarabu pia. Halafu zikaja lugha ambazo sikuzijua, watu wakizungumza taratibu bila muziki wala kusema ni stesheni gani, kisha kimya, kisha wengine. Wewe ulinitazama kwa furaha, ukakumbuka, ukamtazama Bibi. Alikuwa amekaa kitako anasikiliza. Ulingoja akugombeze. Alichofanya ni kuchukua mkeka wake na kuusogeza karibu na kopo.

Tangu siku hiyo hakutaka izimwe. Baada ya muda akaanza kuijibu, kwa Kipogoro. Tulicheka mwanzoni. Tuliacha kucheka tulipoona namna anavyojibu: alikuwa anasubiri. Anasikiliza, anatikisa kichwa, anangoja, ndipo anasema, kisha anatulia kupewa jibu. Nilimuuliza wanasema nini. Akanijibu kwamba wanamuuliza habari za nyumbani, na kwamba wana adabu, hawamkatizi.

Siku ile mpunga ulikuwa umeshaanza kuinama. Mimi na wewe tulikuwa kwenye jaruba la mbali tunafukuza ndege, na ilikuwa saa ile niliyokwambia. Tulisikia sauti mbili kutoka dunguni, ya redio na ya Bibi. Nakumbuka uliacha kupiga debe. Redio ilikuwa ikisema, ikinyamaza, Bibi anasema, ananyamaza, redio inasema. Hazikukatizana hata mara moja. Hata mimi nilingoja niisikie ikimkatiza, nikaomba imkatize, ndiyo, niliomba kabisa. Kisha zikanyamaza zote mbili, pamoja.

Tulipopanda ngazi alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja chini ya shavu. Taa ilikuwa nyekundu. Betri nilikuja kuipima mwenyewe, ilikuwa imejaa. Ulichukua jembe ukaukata waya ule vipandevipande ukautupa majini, na sikukuzuia.

Na kule msibani, mashangazi wa ukoo wake walipofika kutoka Mahenge wakauliza nani atasokota kamba, wakafungua kikapu chake kutafuta ukindu, wakaikuta kamba yenyewe, imesokotwa kushoto, imekunjwa vizuri. Nilikuona ukitoka nje mbio. Ulihesabu kwamba Bibi aliona kazi yako, akajua ameitwa, akajiandaa. Umetembea na hesabu hiyo tangu siku ile, na majibu yake unayo kichwani: "Ni mimi."

Sasa nikupe upande nilioushika mimi.

Wiki ile ulipoficha waya wako, shule ilifunga mapema, nikaja bila kukuambia. Wewe ulikuwa mbali na ndege wako, nilikusikia ukiimba. Nikapanda ngazi na betri mgongoni, nikamkuta Bibi ameketi, bomba kati ya nyayo zake, na waya wako umelala mapajani mwake umenyooka wote. Alikuwa ameufumua. Nilidhani ameuharibu, nikaanza kukasirika. Kisha nikaona mikono yake. Alikuwa anauzungusha upya, kushoto kulekule, mzunguko kwa mzunguko, polepole kwa sababu mkono wake haukuzoea upande huo.

Nikamuuliza, "Mama, unafanya nini?"

Hakuinua kichwa. "Mtoto ameusokota huu. Anayesokota ndiye anayeitwa. Nautoa mkono wake, naweka wangu."

Nilitua betri. Nikamwambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetukataza, sasa mbona anajiita. Hapo ndipo alipocheka, kile kicheko chake cha puani ulichokuwa ukikiiga.

"Mimi kamba yangu iko kwenye kikapu tangu mwaka juzi," alisema. "Nilijisokotea mwenyewe, nisije nikafungwa na kamba mbovu za mjini. Nimeshaitwa, Mwalimu. Hii itaniita mara ngapi?"

Akaendelea kuzungusha kidogo, kisha akasema, "Na mimi nataka kuisikia hiyo redio. Mmehangaika nayo mno."

Ndipo akanipa neno lako. Aliniambia, "Asijue sasa. Akijua ataikata kabla sijasikia kitu. Na nikiondoka, asijue mapema, atabaki hapa kulinda kaburi langu, namjua. Mwambie siku amefunga mizigo. Mwambie waya uliosema ulikuwa wangu." Akanifanya niurudishe chini ya magunia kama ulivyouacha wewe, na kesho yake mimi na wewe tukaupachika, nawe ukatabasamu kwa kazi ya mikono yako, nami nikatazama pembeni.

Nenda kachunguze kumbukumbu yako kama fundi. Wewe huwa unamalizia waya kwa kuupinda ndoano. Ule tuliopachika ulikuwa umemaliziwa kwa fundo dogo la kamba. Uliuona, uliushika, ukaukata kwa jembe. Wasiwasi ulikuzuia kutazama.

Kamba ya kikapuni niliishika siku ya msiba kabla hawajaitumia. Ilikuwa imepauka na kushika vumbi, ukindu wake umekauka kabisa, kamba ya siku nyingi. Iliposokotwa, boksi la Mjomba lilikuwa halijafika kwetu, hata wale wageni walikuwa hawajaikanyaga redio yao.

Najua utaniuliza ninaamini nini. Naamini miguu yake ilikuwa ikivimba tangu kabla ya masika, na daktari alituambia sote wawili kwamba moyo umechoka, wewe ukatoka nje kumtafutia maji na hukusikia sehemu ya pili, kwamba hautadumu. Naamini mawimbi yanajisokota, kwa sababu taa iliwaka. Naamini redio ilinyamaza saa ile kwa kuwa huko juu walikuwa wanajaribu tu na wakazima. Hayo nayaweza kuyaandika ubaoni.

Kilichobaki siwezi. Siwezi kukueleza kwa nini sauti zile mbili hazikukatizana. Masanja aliniambia juzi kwamba ng'ombe sasa wanapita pale, ila wakifika chini ya dungu wanapita mmojammoja. Nilikwenda kutazama nikitumaini ametia chumvi. Hakutia. Nilisimama pale mpaka wa mwisho alipopita, na nikarudi mjini bila kupanda ngazi.

Lakini tazama jambo hili kwa upande wangu au kwa upande wa Bibi, na katika pande zote mbili wewe haumo. Kwa upande wangu alikufa mwanamke mzee aliyeugua moyo. Kwa upande wake alikufa mtu aliyejisokotea kamba yake kwa wakati wake, akacheka, na alipokuwa anasubiri akaona mjukuu wake ameacha jina mahali pabaya, akaliondoa kama anavyoondoa mtu kisu mbele ya mtoto. Hakuna mahali ambapo mkono wako ulimgusa. Nimetafuta, Oliva. Unajua ninavyotafuta makosa yako.

Nikwambie na la mwisho, nalo si zuri. Mjomba aliponiambia habari za ushonaji, kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Nikawaza kwamba ushonaji hata hapa Ifakara upo, kwamba hofu itakuchosha huko Mbeya utarudi, tutakununulia cherehani, utakaa hapa Lipangalala karibu na dirisha, nami nikitoka shule nitakuwa nakukuta. Baba yako hayupo. Bibi hayupo. Watu wanasema mwaka elfu mbili dunia inakwisha. Mimi naona hata ikiendelea nyumba hii itakuwa na mtu mmoja. Ilinitosha kunyamaza tu. Ningenyamaza, ungebaki wangu.

Nimekaa na wazo hilo tangu jioni, na kibatari kimepungua mafuta mara moja nikakiongeza. Barua hii nimeianza nikijua kwamba ukiisoma utakwenda kweli, na utakwenda kwenye mitambo, na siku moja utakuwa umekaa mbele ya kitu kisichosema, mbali na hapa, na utajua pa kuanzia kutafuta bila kuniuliza.

Nasikia umeacha kugeuka. Huenda umelala, huenda unasikiliza kalamu yangu. Naisukuma chini ya mlango wako sasa hivi, kabla sijabadili mawazo. Ukimaliza kuisoma usije chumbani kwangu kuniuliza kitu. Ukija nitakuomba ubaki.

Mama